Imeota Tena

Huyu mwanamume watu walimwita Nukta, na jina hilo hakuliokota barabarani, alilipata kwa haki. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, yaani yeye ndiye aliyekaa na karatasi za mwisho kabla mashine haijawashwa, akitafuta makosa kwa kalamu nyekundu. Vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, maelezo ya dawa ya minyoo, hakuna kilichotoka mle bila kupita chini ya pua yake. Kazi ikiwa safi aliandika pembeni neno moja tu, "Ichapwe", akatia nukta kubwa inayoonekana toka mlangoni. Ikiwa na kosa, hata koma moja iliyopotea njia, ilirudi ilikotoka, na asiyeridhika akalalamike kwa mama yake.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa mke gani? Akampa msusi. Saluni yake ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka hospitali kubwa, watu wote walimjua kwa jina la Mama Vitana, na alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Tena katika Kiswahili chake kila kitu duniani kilikuwa "i". Kikombe imevunjika. Mlango imefungwa. Maji imekatika. Mguu inauma. Nukta akisikia hivyo, kijiko kilisimama njiani kabla hakijafika mdomoni.

"Kimevunjika," anasema. "Kikombe ki-me-vunjika."

"Kimevunjika, imevunjika, chai utanywea wapi, Mwalimu?" anajibu mkewe, na kesho yake wateja wa saluni wakisimuliwa wanacheka mpaka vitana vinadondoka.

Ndivyo walivyoishi, na walipendana, tusidanganyane. Wapo wanaopendana kwa kunong'onezana, hawa walipendana kwa kubishana.

Maradhi yalianzia kwenye utumbo mpana. Nukta aliona damu chooni akanyamaza miezi mitatu. Mtu anayeona koma toka mbali, akajifanya haoni damu! Mkewe alipogundua hakumwuliza mara mbili, alimkokota hospitali akiwa bado amevaa ndara. Utumbo ukakatwa kipande, ukaungwa. Kisha picha zikaonyesha kwamba saratani imeshapiga hodi kwenye ini, basi akarudishwa thieta, sehemu kubwa ya ini upande wa kulia ikaondolewa, na dripu za kemo zikafuata.

Kiwandani habari zilipofika kwamba mzee kakatwa ini, Fundi Wino ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kumwona wodini. Fundi Wino aliendesha mashine kubwa, jitu la miraba minne, vidole vyake vyeusi mpaka kwenye kucha. Alisimama kando ya kitanda, akatafuta neno la kumpa mgonjwa moyo, akalikosa, akasema, "Mzee, mimi mke wangu ananikata maini kila siku ya Mungu na sijawahi kulazwa." Nukta alicheka, mshono ukamtoa machozi, nesi akamfukuza Fundi Wino kama kuku jikoni.

Mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na manesi walimwita Mama Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku ya kumruhusu Nukta alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamwambia, "Mzee wangu, ini ni kiungo cha ajabu. Ukilikata, huota tena. Umbo la zamani halirudi, lakini ukubwa unarudi."

Maneno hayo Nukta aliyapenda mno. Aliyapenda kwa matumaini yaliyokuwemo, na aliyapenda pia kwa sababu sarufi yake ilikuwa imenyooka. Kila kliniki aliuliza swali lile lile, "Limeota?" na kila mara alijibiwa, "Linaota, mzee wangu, linaota." Akarudi kazini, akarudi kwenye kalamu yake, na kula akaanza kula kama zamani.

Siku yenyewe ninayotaka kuisema ilikuwa Alhamisi, mwaka mmoja na nusu baada ya ini kukatwa. Skani ilikwishapigwa Jumatatu, ilibaki kwenda kusikia majibu. Nukta alikuwa na kitabu cha sayansi cha darasa la sita mezani, na mashine inakisubiri. Mkewe akamwambia, "Kaa na kitabu yako. Nitapita mimi, ni kuvuka barabara tu."

"Kitabu chako," akasema Nukta.

"Yako," akasema mkewe, akaenda zake.

Saa nne na robo simu ikatetemeka juu ya meza. Ujumbe wa mkewe ulikuwa hivi: "Imeota tena. Nakuja."

Basi, maneno matatu. Na hebu tazama mambo ya binadamu. Mtu huyu, aliyewahi kurudisha kalenda nzima kwa sababu Jumatano moja ya mwezi wa nane ilipungua herufi, ujumbe ule aliusoma mara moja tu. Hakujiuliza nani kaota. Ini huwa limeota, uvimbe huwa umeota, na ile "i" iliyosimama mwanzo wa neno ingeweza kuwa ya yeyote kati ya hao wawili, kwa sababu kwa Mama Vitana wote walivaa shati moja. Lakini mwaka na nusu mzima Nukta alikuwa anaingoja habari ya ini, basi akasoma kile alichokuwa anakingoja.

"Limeota!" akapiga kelele. "Jamani, limeota!"

Fundi Wino akazima mashine, mashine ambayo haikuzimwa hata siku mwenye kiwanda alipooa. Akaja mbio, akamwinua Nukta juu juu kwa uangalifu, mikono chini ya makwapa asije akagusa kovu, akamzungusha. Wapiga chapa wakapiga makofi, wafunga vitabu wakatoka na gundi mikononi. Mtu akaleta soda. Nukta, ambaye hakuwahi kuonekana akinywa kitu karibu na karatasi, alisimama katikati ya chumba na chupa mkononi, meno yote nje.

Hapo ndipo Mama Vitana alipoingia. Alikuwa amevaa aproni ya saluni, vibanio vya nywele bado vimening'inia kwenye kola, anahema. Alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti na nusu ya kichwa.

"Mke wangu, njoo!" akaita Nukta. "Mpeni soda huyu! Limeota!"

Mkewe akasimama pale pale mlangoni. "Nani amekwambia?"

"Si wewe?"

Akaitazama simu yake, akamtazama mumewe, akawatazama wale watu wote na chupa zao. "Si ini," akasema. "Uvimbe. Uvimbe ndiyo imeota."

Kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa, kila mtu alisikia.

Nukta akaiweka chupa mezani polepole, juu ya kitabu cha sayansi. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yakimjia akilini huwa anafumba macho. "Umeota," akasema. "Uvimbe u-me-ota. Herufi moja tu! Herufi moja ingekushinda nini, mama? Umeniacha nashangilia mbele za watu kwa sababu ya herufi moja!"

Mama Vitana hakupiga kelele. Wangejua la kufanya angepiga kelele, walimzoea hivyo. "Nimeandika nikiwa nalia," akasema. "Nimeacha kichwa ya mtu nusu, nimekimbia mpaka hapa nisikuache peke yako. Na wewe unanisahihisha." Akageuka, akatoka.

Watu wakatazama sakafu. Fundi Wino akaifuta mikono yake kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mzee Nukta," akasema kwa sauti ya chini, "unajua nakuheshimu. Lakini leo umechapia."

Kesho yake walikwenda kwa Mama Taratibu, wakakaa na kiti kitupu katikati yao. Daktari akakiona kile kiti. Akawasha kioo, picha ya kijivu ikatokea, akaweka ncha ya kalamu pembeni. "Huu hapa. Mmoja tu, kama goroli. Na hili lote mnaloliona hapa ni ini. Limeota vizuri kuliko nilivyotegemea."

Nukta akainua kichwa. "Limeota?"

"Limeota."

"Na uvimbe umeota?"

"Umeota pia, mzee wangu. Vyote viwili."

Nukta akamtazama mkewe, mkewe akatazama ukuta. Kumbe ile "i" iliyotukanwa mbele ya kiwanda kizima ilikuwa imebeba habari zote mbili, na zote mbili za kweli. Nukta alihisi masikio yakiwaka moto.

"Sasa nisikilizeni," akasema daktari. "Kwa sababu ini limeota, nina mahali pa kukata. Lisingeota, leo tungekuwa na mazungumzo mengine. Lakini iwe sasa, ndani ya wiki hizi chache, wakati uvimbe ni mmoja na uko pembeni. Tukingoja ukasambaa, mimi na kisu changu hatutakuwa na kazi. Na siwafichi, mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Ndani kumeshikana. Utumbo umejibandika kwenye ini, ini kwenye ukuta wa tumbo, kovu juu ya kovu. Itabidi nitenganishe kwanza ndipo nikate."

"Hapana," akasema Nukta.

"Mzee!" akasema mkewe, neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Hapana. Mlinikata, mkasema mmemaliza. Nililala na mrija ubavuni siku kumi na moja. Nilipata kwikwi siku nne, kila kwikwi inavuta mshono, nikawa naomba hata nife nipumzike. Na uvimbe huu, mara ya kwanza hamkuuona?"

Swali lilikuwa la adabu mbovu, na mwenyewe alilijua. Mama Taratibu hakukasirika. "Wewe unafanya kazi gani, mzee wangu?"

"Nasoma prufu."

"Ukurasa mmoja unausoma mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kwa nini? Mara ya kwanza huoni?"

Swali hilo vijana wote waliopita kiwandani walimwuliza Nukta, na jibu lake alilijua kama jina lake. "Naona," akasema. "Lakini kuna kosa dogo linalojificha, halionekani siku hiyo hata ungekuwa na macho manne. Mpaka ukurasa urudi."

"Basi," akasema Mama Taratibu. "Ukurasa umerudi. Nami naomba nisome tena."

Hakukubali pale pale, msidhani. Alirudi nyumbani akaketi jikoni, maana ndiko mkewe alikokuwa, akamenya vitunguu bila kuombwa. Alimenya sita wakati mkewe alihitaji kimoja. Machozi yakaanza kumtoka, naye akashukuru kwamba kuna vitunguu vya kusingiziwa.

"Naogopa," akasema.

"Mimi naogopa zaidi," akasema mkewe, akiwa amempa mgongo. "Lakini mimi haniulizi mtu."

"Si kisu. Kisu unalala, hujui. Naogopa kukatwa, nipone, nianze kula vizuri, halafu mwaka ukizunguka niambiwe tena kwamba imeota."

Mama Vitana akageuka, mwiko mkononi. "Umesema nini?"

"Nasema naogopa niambiwe..."

"Umesema imeota."

"Nani, mimi?"

"Uvimbe, umesema imeota! Mwalimu!" Na kicheko kikamtoka, kile cha saluni, kikaanza vizuri kikaishia kwenye kilio, mwiko ukaanguka, Nukta akasimama na mikono yake ya vitunguu akamshika. Walikaa hivyo mpaka sufuria ikaanza kuungua na hakuna aliyejali.

Mkewe alipopata sauti akasema, "Sikiliza. Mimi nina wateja nawasuka mwaka wa kumi na mbili huu. Kichwa ile ile. Nasuka, nywele inaota, naifumua, nasuka tena. Umewahi kunisikia nikisema nimechoka na kichwa ya mtu kwa sababu nywele imeota? Ikiota tena, tutaenda tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nukta aliyahesabu makosa sita katika maneno hayo, yalijihesabu yenyewe, ndiyo ulemavu wa kazi yake. Lakini hoja haikuwa na kosa hata moja. "Haya," akasema. "Tukamwambie."

Wiki tatu zikapita katika vipimo. Hospitali ikataka watu wa kuchangia damu, na kiwanda kikahamia kule kwa zamu, wapiga chapa, wafunga vitabu, hata mwenye kiwanda ambaye alizimia kabla sindano haijamgusa. Fundi Wino alitoka amekunja kiwiko, akamwambia Nukta, "Ukipona ukaanza kutapika wino, ujue ni mimi." Nukta alitaka kumshukuru kwa maneno yaliyopangika, lakini akaishia kumshika ule mkono mweusi akautikisa mpaka Fundi Wino akaona haya.

Asubuhi ya upasuaji, kitanda kikisukumwa kuelekea thieta, Mama Vitana alitembea kando yake ameshika chuma cha kitanda. Kwenye mlango wenye alama ya kuzuia watu, nesi akasema, "Mama, mwisho wako hapa."

"Nisamehe ile siku," akasema Nukta haraka haraka. "Ile ya soda. Nilikuonea."

"Achana nayo."

"Sikuachi mpaka useme umenisamehe."

"Nimekusamehe. Na nimemwambia Mungu," akasema mkewe, sauti ikipanda na kushuka, "nimemwambia akikutoa humo mzima, nitajifunza hizo li yako na u yako zote. Zote! Hata zile za wingi."

Nukta akamshika kidole gumba, ndicho alichokifikia. "Na mimi namwambia akinitoa mzima, useme utakavyo mpaka nizikwe. Sikugusi."

"Tumesikia wote," akasema nesi, "mimi ni shahidi," na mlango ukafunguka.

Ndani walimpa nusu kaputi, akahesabu mpaka nne. Kilichofuata alisimuliwa. Kwamba ilichukua muda wa saa saba na nusu. Kwamba mkewe alikaa kwenye benchi ukumbini, na mikono ilipokosa cha kufanya akamsuka mgeni aliyeketi karibu naye, binti aliyekuwa anamngoja baba yake, akammaliza kichwa kizima, akafumua kwa sababu hakuridhika, akasuka tena. Kwamba Mama Taratibu alipotoka, akitembea kama kawaida yake, Mama Vitana alimsoma miguu kabla ya uso, akaona miguu haina haraka wala haisitisiti, akaanza kulia kabla hajaambiwa kitu.

Nukta mwenyewe alikuja kujua siku ya pili. Mdomo ulikuwa mkavu, tumbo lilikuwa linawaka, na daktari alikuwa amesimama miguuni pake. "Umetoka wote, mzee wangu. Kulikuwa kumeshikana hasa. Nimetenganisha taratibu."

Nukta akafumba macho. Akaikumbuka siku paa la stoo lilipovuja na karatasi za kitabu kizima zikalowa zikashikana, na yeye akazitenganisha kwa rula, moja moja, kwa siku mbili. "Daktari," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "mimi najua kazi ya kutenganisha kurasa zilizolowa. Nilipofanya mimi, nilichana saba. Wewe umechana ngapi?"

Mama Taratibu akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kila alichoulizwa. "Hata moja," akasema.

Basi Nukta akalia, waziwazi, bila kitunguu. Ilimjia pale kitandani kwamba mtu huyu alisimama kutwa nzima bila kula, mikono yake ndani ya tumbo la msoma prufu asiyemhusu kwa lolote, akihangaika asichane kitu. Na kabla ya hapo yeye Nukta alikuwa amemwuliza kama hana macho. Akaomba radhi. Daktari akamwambia alale.

Safari hii kwikwi haikuja. Mrija ulitolewa siku ya sita. Nesi yule shahidi alimfundisha kukohoa akiwa amekumbatia mto, mfagiaji wa wodi alimsogezea kitanda dirishani bila kumwomba ruhusa mtu, na mtu wa kitanda cha pili alimwekea redio karibu akidai yeye mwenyewe haisikii vizuri, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu. Nukta alianza kuwaandika majina ya kazi zao nyuma ya karatasi ya dawa, asije akamsahau mmoja siku ya kushukuru. Karatasi ikajaa, akaomba nyingine.

Wiki iliyofuata jibu la maabara likarudi. "Tumekikagua kipande tulichokitoa," akasema Mama Taratibu. "Kingo zake ni safi pande zote. Hakuna ugonjwa mpaka kwenye ukingo."

"Pambizo," akasema Nukta.

"Pambizo gani?"

"Pembeni mwa ukurasa, pale pasipoandikwa kitu. Ukurasa usio na pambizo haufai, daktari. Umeniachia pambizo!" Na Mama Taratibu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akacheka kwa sauti.

Akarudi nyumbani, akaanza na kutembea mpaka mlangoni, kisha mpaka barabarani, kisha kiwandani kwa nusu siku, na mto wake wa kukoholea chini ya kwapa. Daktari alikuwa amemwonya kwamba ataangaliwa kila baada ya miezi mitatu, na kwamba hakuna wa kumwapia juu ya kesho. Mwezi wa tatu ukafika, skani ikapigwa Jumatatu, na majibu yakawa Alhamisi.

"Nitapita mimi," akasema Mama Vitana asubuhi hiyo. "Ni kuvuka barabara tu." Alikuwa amevaa viatu vya kanisani kwenda saluni.

Nukta akakaa mezani pake. Mbele yake palikuwa na kadi ya harusi, mistari minane, na kwa saa nzima hakuvuka mstari wa kwanza. Kiwandani hakuna aliyekuwa akifanya kazi, walikuwa wakijifanya tu. Saa nne na dakika ishirini simu ikatetemeka. Fundi Wino akazima mashine.

Nukta aliitazama simu kama mtu anayetazama nge. "Nisomee," akasema.

"Mzee, mimi?"

"Nisomee herufi ya kwanza tu. Nyingine ziache. Ni nini, ni i?"

Fundi Wino akaichukua kwa vidole vyake vyeusi, akaiweka mbali na macho, akaiweka karibu. "Si i," akasema. Kisha, "Au ni i. Ngoja. Imeandikwa ini."

"Endelea."

"Ini... li..." Jitu lile la miraba minne likaisogeza simu karibu tena. "Limeota. Ini limeota, mzee. Halafu anasema, uvimbe haujaota. Ha-u-ja-o-ta. Umesikia? Daktari amesema ni safi. Anasema amempa nesi asome kwanza kabla hajatuma, asije akakosea."

Hakuna aliyeshangilia. Walishawahi kushangilia mapema, wakaponzwa. Walimtazama Nukta, na Nukta akanyoosha mkono, akaichukua simu, akasoma mwenyewe. Akasoma mara ya pili. Li. U. Kila herufi ilikuwa mahali pake, imetiwa kwa jasho na mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na tisa alikataa katakata kuitia, na aliyesimama kwenye ukumbi wa hospitali na viatu vya kanisani akimwuliza nesi, hii ni li au ni i, niangalizie mwanangu, mume wangu ni mtu wa herufi. Akasoma mara ya tatu, mpaka mwisho, kwa sababu ujumbe ulikuwa na mstari mmoja zaidi, ambao ni wazi uliandikwa baada ya nesi kuirudisha simu.

"Nakuja," ulisema mstari huo. "Machozi inanitoka."

Fundi Wino alikuwa anachungulia juu ya bega lake. Miaka yote ile karibu na Nukta haikupita bure. "Mzee," akanong'ona, "hapo mwishoni. Machozi inanitoka. Hapo pana kosa, si ndiyo?"

Nukta akajifuta uso kwa kiganja, akaitafuta kalamu yake nyekundu asiione, kumbe alikuwa ameishika.

"Sioni kosa," akasema. "Ichapwe."